Mawe, vichaka na Warumi vina kazi gani kwenye shamba la mvinyo? Jibu kwa dada wa Hombolo

Dada yetu mmoja anasoma Montpellier, kwao ni Hombolo huko Dodoma na wazazi wake wana mizabibu. Ameniuliza hivi, nafupisha: chuo kiliwapeleka kutembelea shamba la mvinyo la kilimo hai kwenye kilima cha La Clape, karibu na Narbonne kusini mwa Ufaransa, wakazungushwa masaa mawili wanaonyeshwa mawe, vichaka, ndege, mabwawa ya chumvi na kusimuliwa habari za Warumi, zabibu zenyewe wakaziona dakika chache mwishoni. Anataka kujua haya mambo ya mazingira na historia yana kazi gani shambani au ni maneno ya kuuzia chupa, na kama kuna lolote la kupeleka nyumbani kwa wazee.

Dada yangu, yana kazi, na kwenye kilimo hai ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Mkulima wa kawaida akipata tatizo anafungua stoo anachagua dumu, tatizo la fangasi dumu hili, la magugu dumu lile. Wa kilimo hai silaha zake ni chache, ana salfa, ana mrututu, ana dawa mbili tatu za asili basi, kinachobaki lazima kitoke kwenye upepo, mawe, wadudu wanaokula wadudu wenzao, na uamuzi wa watu wa zamani waliochagua mzabibu ukae wapi. Kwahiyo yule mwenyeji wenu alivyokuwa anawazungusha juani alikuwa anawaonyesha stoo yake ya dawa. Labda hakuieleza vizuri, hilo linatokea sana, mtu akikaa na kitu miaka mingi anasahau kwamba mgeni hakioni.

(Najua wasomaji wengi humu hawanywi na ni sawa kabisa, habari hii ni ya udongo na hali ya hewa, mwenye maembe au mikorosho ataokota kitu pia.)

Tuanze na mahali penyewe. La Clape ni kilima cha mawe ya chokaa kati ya mji wa Narbonne na bahari ya Mediterania, sehemu yake ya juu kabisa ni kama mita 214 tu, sio mlima wa kutisha, ila ukisimama juu yake unaona bahari upande mmoja, mabwawa ya chumvi upande mwingine na mbali kule safu ya Pyrenees. Sasa jambo ambalo pengine hawakuwaambia, au walisema mkapitwa nalo, ni kwamba enzi za Warumi hiki kilikuwa kisiwa. Bahari ilikizunguka. Mto Aude ndio ulioleta tope miaka na miaka mpaka kisiwa kikaungana na bara, ndo maana leo ukiwa pale chini una tambarare ya udongo mzito wa mto, na ukipanda kidogo tu unakanyaga mawe matupu na udongo mwekundu kiduchu katikati ya mawe. Hii tofauti ya mita chache za kupanda ndiyo imeamua kila kitu kwenye historia ya mizabibu ya pale, nitarudi huko.

Kwanza upepo, manake kama kuna kitu kimoja cha kuelewa pale ni upepo.

Kuna upepo unaitwa Cers, unatoka kaskazini-magharibi, unapita kwenye bonde lililo kati ya milima ya Massif Central na Pyrenees kule Carcassonne, ukifika Narbonne unakuwa mkavu na una nguvu sana, miti ya misonobari imeinama upande mmoja utadhani imekatwa hivyo. Ni kero kwa mtu anayeishi pale, siku tatu mfululizo kichwa kinauma. Lakini Seneca, mwandishi wa Kirumi, ameandika kwamba mfalme Augusto alipokuwa Gaul (ndiyo Ufaransa ya zamani) aliujengea huo upepo hekalu, na kwamba wenyeji pamoja na kubomolewa nyumba zao walikuwa wanaushukuru kwa kuleta afya hewani. Mkulima wa mizabibu leo anashukuru kwa sababu ileile ingawa anaisema kwa lugha ya fangasi.

Ugonjwa mkubwa wa mzabibu kwenye nchi za mvua ni ubwiri vinyoya. Huu fangasi wake unahitaji maji juu ya jani, maji ya kweli, sio unyevunyevu tu, vijidudu vyake vinaogelea kwenye tone mpaka vipate tundu la kuingilia chini ya jani, na vinahitaji jani libaki limelowa masaa kadhaa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi Cers ikavuma, majani yanakauka kabla vijidudu havijafika, mkulima anakuwa ameokoa mzunguko mzima wa kupuliza dawa bila kutoa senti. Upepo wa pili, ule wa baharini wanaouita Marin, ndio adui, huo unaleta mawingu na unyevu na joto la kunata, na ukikaa siku nyingi mwezi wa tano au wa sita watu wa kilimo hai hawalali. Mwaka 2018 mvua za machipuko zilikuwa nyingi kusini mwa Ufaransa kote na ubwiri vinyoya uliwaumiza kweli, wa kilimo hai na wasio wa kilimo hai.

Kwanini hili ni kubwa hivyo kwa kilimo hai? Kwasababu dawa yao dhidi ya ubwiri vinyoya ni moja, ni mrututu uliochanganywa na chokaa, ile mixture aliyoitangaza Millardet kule Bordeaux mwaka 1885, na kazi yake ni kukinga tu, fangasi ukishaingia ndani ya jani umechelewa, alafu mvua ikipiga inaoshwa unarudia upya. Na shaba iliyomo kwenye mrututu haiozi. Inabaki kwenye udongo, inarundikana mwaka hadi mwaka, minyoo inaumia na vijidudu vya udongo vinaumia. Kwahiyo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo, kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mkulima wa sehemu ya mvua nyingi hizo kilo 4 anazimaliza mapema anabaki anaomba Mungu. Wa La Clape, ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600 na nyingi inanyesha vuli na baridi wakati mzabibu umelala, anaweza kumaliza msimu akiwa ametumia kidogo tu. Ukipenda kujua kama shamba la kilimo hai liko mahali pake angalia hapo, sio kwenye lebo.

Ubwiri unga, fangasi mwingine wa mzabibu, ni habari tofauti, ule hauhitaji maji, unapenda joto na hewa iliyotulia ndani ya majani mengi, hivyo hata pale wanapuliza salfa, na salfa nayo joto likipita kama nyuzi 30 na kitu inaunguza majani, so wanapuliza alfajiri. Huo wazazi wako wanaujua vizuri.

Sasa vichaka. Vile vichaka mlivyovipita, kwa Kifaransa garrigue, ni mchanganyiko wa rozmari, zaatari, mialoni mifupi ya majani ya miiba, mireteni, misonobari ya Aleppo, na vingine vingi vyenye majani magumu na mafuta ya harufu. Watu wanadhani ndio msitu wa asili wa pale, sivyo, ni kilichobaki baada ya maelfu ya miaka ya watu kukata kuni, kuchoma mkaa, kuchunga kondoo na mbuzi. Yaani hata hicho kichaka ni historia. Kazi yake kwa mzabibu ni kuhifadhi maisha. Kuna nondo mdogo ambaye viwavi wake wanatoboa zabibu, tundu likishapatikana kuoza kunaanzia pale. Wa kilimo hai wanamzuia kwa kutundika shambani vifuko vyenye harufu ya jike ili dume achanganyikiwe asimpate mwenzake, inafanya kazi vizuri ila shamba liwe kubwa au majirani mshirikiane, na waliobaki wanaliwa na popo, buibui, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo. Hao wote wanahitaji mahali pa kukaa wakati mizabibu haina jani, na hapo ndo vichaka, kuta za mawe na miti mikongwe vinapoingia.

Zile kuta mlizoziona zimepangwa mawe bila udongo wala saruji, chunguza moja kwa karibu ukirudi. Weka mkono kwenye nafasi kati ya mawe saa za jioni, jiwe bado lina joto la mchana. Humo ndani kuna mijusi, konokono, buibui, nyoka wasio na shida, na kama una bahati unamwona mjusi mkubwa wa kijani mwenye madoa ya bluu ubavuni, wa zaidi ya nusu mita, ambaye amepungua sana Ulaya. Ukuta uleule unazuia udongo usishuke mvua za vuli zinapokuja kwa fujo, na pale mvua za vuli zinakuja kwa fujo kwelikweli, mvua ya mwezi inaweza kushuka siku moja. Ufundi huu wa kupanga mawe makavu UNESCO waliuweka mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi wa binadamu, Ufaransa pamoja na nchi kadhaa za Mediterania. Mawe yenyewe yalitoka shambani, kila aliyelima aliyaondoa akayapanga pembeni. Yaani kusafisha shamba, kujenga kingo na kuwapa mijusi nyumba ilikuwa kazi moja.

Ndege mliowaona wa rangi nyingi ni keremkerem. Wanafika pale kuanzia mwishoni mwa Aprili, wanachimba mashimo kwenye kingo za udongo, na mwisho wa kiangazi wanarudi Afrika, keremkerem huyuhuyu wa Ulaya anapita kwetu Afrika Mashariki pia kwenye safari zake. Hudihudi naye yupo, anapenda kutembea chini kati ya mistari ya mizabibu anadonoa viwavi na funza kwenye udongo, na shamba lililopuliziwa sumu ya wadudu halimpi kitu.

Alafu kuna ua moja. Sijui kama walikuonyesha, wenyeji wengine hawapendi kuonyesha wageni mahali lilipo na nawaelewa. Kisayansi ni Centaurea corymbosa, kimmea cha kwenye nyufa za miamba ya chokaa, maua ya zambarau iliyopauka. Duniani kote liko La Clape peke yake, makundi 6 ya asili yaliyo ndani ya eneo lisilofika kilomita 3 za mraba. Linakaa miaka kadhaa kama rundo la majani tu, linachanua mara moja, linatoa mbegu, linakufa. Na mbegu zake haziendi mbali, nyingi zinaangukia karibu na mama, kwahiyo hata mwamba wa jirani ambao lingeota vizuri halifiki. Watafiti wa Montpellier, hapohapo unaposoma wewe, walilisoma miaka mingi na wakapanda mbegu kwenye miamba mingine miwili kuona kama litashika. Kwa shamba la mizabibu ua hili halina faida yoyote ya moja kwa moja, nakwambia ukweli. Lakini ukiwa na kitu kama hicho mita mia mbili kutoka kwenye pampu yako, unafikiri mara mbili kabla hujapuliza dawa ya magugu, na mimi kwa upande wangu naona hiyo ni sababu inayotosha.

Haya, Warumi. Narbonne, wao waliiita Narbo Martius, ilianzishwa mwaka 118 kabla ya Kristo, koloni la kwanza la Roma ndani ya Gaul, na barabara ya Via Domitia ya kuunganisha Italia na Hispania ikapita hapo. Kipande cha barabara hiyo kimefukuliwa mwaka 1997 mbele ya jumba la maaskofu katikati ya mji, unaona mawe yaliyolainishwa na magurudumu. Mwanzoni mvinyo uliletwa kwa meli kutoka Italia ndani ya mitungi ya amfora, baadaye wenyeji wakalima wenyewe na kuuza nje, ikafika mahali mfalme Domitian, mwaka 92 hivi baada ya Kristo, akatoa amri nusu ya mizabibu ya majimboni ing'olewe. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya wafalme, anasema mfalme hakuisimamia amri yenyewe, lakini inakuonyesha ushindani ulikuwa umefika wapi. Bandari ilikuwa kuzunguka kisiwa hicho cha La Clape na mabwawa yake, kisha tope la mto Aude likaziba, karne ya 14 tawi lililopita mjini likahama kabisa, bandari ikafa polepole. Ukipata nafasi nenda makumbusho ya Narbo Via, yamefunguliwa 2021, kuna ukuta wa mawe ya makaburi ya Kirumi kama 760 yaliyokuwa yametumika tena kujengea kuta za mji. Kaa nao muda, usipige picha ukaondoka.

Kati ya Warumi na Wafaransa kuna kipindi ambacho waongozaji wengi wanakiruka, na wasomaji wetu wa pwani watakipenda, kwamba kuanzia kama mwaka 719 mpaka 759 Narbonne ilikuwa mji wa Waislamu wa Andalusi, wakiuita Arbuna. Miaka arobaini si michache.

Lakini historia iliyoamua sura ya shamba ulilotembelea ni ya juzi zaidi, ni ya karne ya 19, na hapa naomba uvumilie kidogo kwasababu ndiyo sehemu ninayoipenda.

Reli ilifika Narbonne miaka ya 1850, mvinyo ukaanza kwenda Paris kwa mabehewa, kila mtu akapanda mizabibu. Miaka ya 1860 mizabibu ikaanza kufa jimbo la Gard bila mtu kuelewa, majani yanakuwa ya njano, mwaka wa tatu mti umekufa. Mwaka 1868 Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, pamoja na wenzake wakachimba mizizi ya mizabibu ambayo bado ina uhai, wengine walikuwa wanachimba iliyokufa hawaoni kitu, wakakuta vidudu vidogo vya njano vinafyonza. Ndio phylloxera, mdudu aliyekuja na miche kutoka Marekani. Ukishuka stesheni ya treni Montpellier ile bustani ya mbele ndiyo ya Planchon na mnara wake upo, umepita hapo mara nyingi bila shaka.

Dawa iliyofanikiwa haikuwa dawa, ilikuwa kubebesha: shina la chini la mzabibu wa Marekani ambao mizizi yake inastahimili mdudu, juu yake kikonyo cha zabibu ya Ulaya. Mpaka leo karibu mizabibu yote ya Ufaransa imebebeshwa hivyo. Sasa mawe ya chokaa yakaleta balaa la pili, mashina mengi ya Kimarekani yakipandwa kwenye chokaa yanakuwa ya njano kwa kukosa madini ya chuma, chokaa inayabana. Mwaka 1887 Viala, naye mtu wa Montpellier, akatumwa Marekani kutafuta mzabibu pori unaovumilia chokaa, akasaidiwa na Munson, mtaalamu wa mizabibu wa Texas, wakaupata kwenye vilima vya chokaa vya huko, ndio berlandieri, na mashina mengi yanayotumika kwenye udongo wa chokaa leo yana damu ya huyo. Kwahiyo mzabibu unaouona La Clape umekaa juu ya mwamba wa Ufaransa kwa miguu ya Texas, na asiyejua mwamba wake ni wa nini atanunua mche usiofaa hata leo.

Na kulikuwa na njia nyingine kwa wenye mashamba ya tambarare: kufurika. Unafungulia maji ya mto au mfereji wakati wa baridi, mizabibu inakaa ndani ya maji siku 40 au zaidi, mdudu anakufa kwa kukosa hewa na mzabibu kwa kuwa umelala haudhuriki. Tambarare za Aude ya chini zilijaa mashamba ya namna hiyo. Mdudu alishasahaulika lakini kwenye mashamba yaliyo karibu na bahari bado wanafurisha maji wakati wa baridi, safari hii ni kusukuma chumvi ishuke chini, manake maji ya chumvi yapo hapo chini ya udongo na kiangazi kirefu yanapanda. Mabwawa ya chumvi mliyoonyeshwa, yale yenye heroe, ndio onyo hilohilo likiwa juu ya ardhi. Miaka ya ukame mto unapokuwa hauna maji ya kutosha hapo ndo pagumu.

Matokeo ya yote hayo, watu waliacha vilima wakashuka tambarare, kule mzabibu unazaa mno, vilima vikaachiwa vichaka. Mvinyo ukawa mwingi, wengine wakawa wanatengeneza wa uongo kwa maji na sukari, bei ikaanguka mpaka familia zikashinda njaa. Machi 1907 watu 87 wa kijiji cha Argeliers wakiongozwa na Marcelin Albert wakatembea kwenda Narbonne kudai haki, kufika tarehe 9 Juni waliokusanyika Montpellier wanakadiriwa zaidi ya nusu milioni, na tarehe 19 na 20 wanajeshi wakafyatua risasi Narbonne, wakafa watu 6. Sheria ya kudhibiti udanganyifu kwenye mvinyo ikapitishwa mwisho wa mwezi uleule. Ule umakini wa Ufaransa wa kuandika zabibu imetoka wapi na imelimwaje una damu ndani yake, na nakuomba ukisikia mtu anaudharau kama urasimu umkumbushe. La Clape yenyewe ilipata jina lake la asili linalolindwa kisheria mwaka 2015, baada ya watu kurudi kwenye mawe yaleyale mababu walioyaacha. Na "mvinyo wa kilimo hai" kisheria Ulaya ni wa kuanzia 2012, kabla ya hapo uliruhusiwa kuandika tu kwamba zabibu ni za kilimo hai, kilichofanyika pipani hakikuhesabiwa.

Jambo la moto nalo siwezi kuliacha. Agosti 2025 moto ulianzia Ribaute kwenye vilima vya Corbières, magharibi ya Narbonne, ukateketeza takriban hekta 16,000. Wazima moto na wenyeji wakasema waziwazi kwamba palipokuwa na mizabibu moto ulipungua kasi, na palipong'olewa mizabibu ulipita. Na mizabibu imeng'olewa kweli, serikali ililipa euro 4,000 kwa hekta kwa mkulima anayekubali kung'oa moja kwa moja kwasababu mvinyo hauuziki kama zamani. Yaani shamba linahitaji kichaka kwa ajili ya wadudu na popo, na kichaka kinahitaji shamba ili kisiungue chote. Wa kilimo hai ana kazi ya ziada hapa, zile nyasi na maharage anayoacha kati ya mistari wakati wa baridi kulisha udongo, lazima azilaze au azilime kabla ya kiangazi au alete kondoo wazile, zikikauka zimesimama zinakuwa njia ya moto.

Kuhusu maneno ya kuuzia chupa, hapo uko sahihi kushtuka kidogo. Ukiambiwa unasikia harufu ya rozmari ya kichakani ndani ya glasi, sikiliza kwa adabu tu. Australia walipima wakakuta mafuta ya mikaratusi yanaingia kwenye mvinyo pale mizabibu inapokuwa karibu na hiyo miti, na majani yanayodondokea kwenye kreti za kuvunia yakichangia sana, so jambo lenyewe linawezekana. Lakini ile harufu ya pilipili manga kwenye mvinyo wa zabibu aina ya Syrah, ambayo watu wanaitia kwenye hadithi ya vichaka, inatoka kwenye zabibu yenyewe, kemikali yake inaitwa rotundoni na ilitambuliwa mwaka 2008.

Sasa Hombolo. Usipeleke La Clape nzima, haitatoshea. Dodoma mvua yake kwa mwaka haiko mbali sana na ya kule, ila inakuja Desemba mpaka Aprili wakati wa joto, na mzabibu wenu haulali kwa baridi, mnaulaza nyinyi kwa kupogolea, ndo maana mnavuna mara mbili. Maana yake ubwiri vinyoya unawapata kwenye mavuno ya masika, na ubwiri unga kwenye ya kiangazi. Kwahiyo cha kwanza muulize mzee mistari imeelekea wapi. Kiangazi Dodoma upepo ni wa mashariki na kusini-mashariki, mistari ikiufuata hewa inapita kati ya mizabibu, ikiukata majani ya nyuma yanabaki yametulia na salfa inakuwa haitoshi. Shamba la zamani huwezi kuligeuza, lakini unaweza kupunguza majani usawa wa vichala, kwa mkono, upande wa jua la asubuhi tu ili jua la mchana lisiunguze.

Cha pili ni mrututu. Wakulima wengi wanapima kwa kuona maji yamekuwa ya bluu, nakuomba nunua mizani ndogo, andikeni kila mara mlivyopuliza na gramu ngapi, na kumbuka kiasi cha shaba ni kama robo ya uzito wa mrututu, kilo 4 za mrututu zina kama kilo 1 ya shaba. Mkijumlisha mwaka mzima ndo mtajua mko wapi na zile kilo 4 za Ulaya, na kama kuna siku mnataka kuomba cheti cha kilimo hai hicho kitabu kitaulizwa kabla ya kitu kingine chochote.

Cha tatu, mpakani. Msichome vichaka vya mpakani kila Oktoba. Acheni ukanda wa hatua chache, mawe ya shambani yapangwe hapo kufuata kontua, na kati ya mistari pandeni mikunde mvua zinapoanza muilaze mwezi wa nne kabla haijakauka.

Ukirudi La Clape nenda mwezi wa tano, siku moja baada ya mvua, saa mbili asubuhi, shika majani ya chini ya mzabibu ulio kwenye upepo na ulio nyuma ya ukuta uone yapi yamekauka. Na muombe mwenyeji akuonyeshe daftari lake la shaba, aliye makini atalitoa kwa furaha. Kisha niandikie mistari ya wazee imeelekea wapi na kichaka kilichopo kiko upande gani wa shamba, tuone tunaanzia kona ipi.